Meza ya Mafunzo ya Poka Jijini Mbeya: Kosa Linarekebishwa na Mtu Haumbuliwi

Huduma ninayoitathmini hapa ni mafunzo ya poka yanayotolewa jioni za Jumamosi katika ukumbi mdogo mtaa wa Forest Mpya, jijini Mbeya, chini ya mzee mmoja ambaye kabla ya kustaafu na kurejea nyumbani alifanya kazi ya kugawa karata katika kasino za Dar es Salaam. Mzee huyu hatangazi huduma yake na ameomba asitajwe jina, kwa hiyo nitamwita mwalimu, kama wanafunzi wake wanavyomwita. Mezani kwake hakuchezwi fedha. Anayekuja hulipa ada ya shilingi 15,000 kwa jioni nzima, hukabidhiwa chipu, yaani vidude vya kuwekea dau badala ya fedha, zisizo na thamani yoyote nje ya mlango ule, na huzirudisha zote anapoondoka. Nalitanguliza jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeiweka michezo ya fedha chini ya leseni na usimamizi wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Mwalimu mwenyewe huitaja sheria hiyo kabla hajafungua boksi la karata, na kijana ambaye umri wake una shaka huombwa kitambulisho hata kama mezani hakuna senti.

Watu wengi wa Mbeya wameshika karata tangu utotoni. Wanaijua arobastini, wanaijua lasti kadi, na wanajua kopa, uru, pau na shupaza bila kuelekezwa. Kinachowaangusha wanapoketi kwenye meza ya kasino kwa mara ya kwanza mara nyingi ni taratibu: lini useme, lini unyamaze, mkono upite wapi, chipu ziwekwe namna gani. Mtu anayepoteza shilingi zake kwa karata mbaya huondoka amenuna na kesho amesahau. Anayesimamishwa na mgawaji mbele ya watu wanane asiowafahamu, akaambiwa kwamba alichokifanya hakiruhusiwi, hubaki na fedheha ile kwa muda mrefu, na wapo wanaoanza kucheza kwa hasira ili kuifuta, wakaongeza hasara juu ya aibu. Thamani ya mafunzo haya, kwa maoni yangu, iko katika kumpa mtu nafasi ya kuyafanya makosa hayo mahali ambapo hayamgharimu chochote, mbele ya mwalimu anayejua kumrekebisha bila kumvunjia heshima. Kwa kipimo hicho ndicho ninachoipima huduma hii, na kwa kipimo hicho nasema ni nzuri sana.

Mchezo unaofundishwa ni Texas Hold'em, ule unaochezwa zaidi katika kasino nyingi duniani. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha hufunguliwa katikati karata tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na kila mmoja huunda mkono bora wa karata tano kutokana na zile saba anazoweza kuzitumia. Maelezo hayo mwalimu huyamaliza haraka. Muda uliobaki ni wa kucheza, na kosa likitokea mchezo husimama.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la kupandisha dau kwa vipande. Jioni moja alikuwapo mfanyabiashara wa mchele kutoka Mbarali, mtu mzima na mzoefu wa kupatana bei, ambaye dau lilipomfikia likiwa 2,000 alisukuma chipu za 2,000 mbele, akamtazama mpinzani wake usoni, kisha akarudisha mkono kwenye fungu lake na kuongeza nyingine za 4,000. Mwalimu aliziweka zile za pili kando kwa ncha ya kidole, akasema kwa sauti ileile anayoitumia kugawia karata: "Kaka, dau lako ni lile la kwanza. Hizi nazirudisha kwako." Yule bwana alianza kubisha kwamba alikuwa hajamaliza, na hapo ndipo nilipoona ubora wa ufundishaji huu. Mwalimu hakubishana naye. Alimwomba abadilishane nafasi na mpinzani wake, akaurudia mkono uleule, na yeye mwenyewe akaweka chipu chache, akatulia, akamkazia macho yule bwana, kisha akaongeza nyingine. "Umeona nilichokifanya?" aliuliza. Yule bwana alijibu mara moja kwamba ndiyo, ulikuwa unanisoma uso kwanza. Hakuhitaji maelezo mengine. Kanuni hiyo ipo ili mchezaji asipime hisia za mwenzake kwa nusu ya dau kabla ya kuamua nusu ya pili, na mfanyabiashara anayejua mnunuzi anavyoinua bei kidogo kidogo huku akimchungulia muuzaji machoni huielewa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Ndugu wa kosa hilo ni lile la chipu moja kubwa. Dau likiwa 2,000, nawe ukaweka chipu moja ya 10,000 bila kusema neno, kwa kanuni ya meza nyingi umefuata tu, na utarudishiwa 8,000 zako. Ukitaka kupandisha sharti utamke kabla chipu haijagusa meza, na ukishatamka umejifunga. Wageni wengi huona jambo hili kama uonevu mpaka waelezwe kwamba mgawaji hana namna ya kujua nia iliyo moyoni, na kwamba bila kanuni hiyo kila mtu angesubiri kuona sura za wenzake ndipo aseme alikusudia nini.

Somo lililonigusa zaidi lilitokana na kosa la mama mmoja mwalimu wa shule ya sekondari, mtu makini anayeandika kila kitu kwenye daftari. Alikuwa na tatu mbili mkononi, yaani jozi ya tatu. Karata tatu za kwanza zilizofunguliwa zilikuwa tisa ya kopa, nne ya uru na tisa ya pau, ikafuata mfalme wa shupaza, na ya mwisho ikawa nne ya kopa. Mpinzani wake alikuwa na ree ya pau na saba ya uru, karata ambazo kwa macho ya mgeni hazikuwa na kitu. Mama alizifunua zake kwa furaha na kutangaza kwamba ana jozi tatu: za tisa, za nne na za tatu. Kijana mmoja upande wa pili wa meza alianza kucheka, na mwalimu alimkatisha kwa kumtazama tu, kisha akamgeukia mama.

"Mama, naomba unihesabie karata zako tano," alimwambia.

Mama alihesabu tisa mbili, nne mbili, akainua tatu moja, akasita. Kidole chake kilihama kutoka kwenye ile tatu hadi kwa mfalme aliyelala katikati ya meza, na hapo akaelewa mwenyewe. Mkono wa poka ni karata tano, kwa hiyo jozi tatu hazipo. Mkono wake bora ulikuwa ule uliolala mezani, yaani tisa mbili, nne mbili na mfalme, na mwenzake alikuwa na jozi zilezile pamoja na ree, inayomzidi mfalme. Mpaka karata ya nne alikuwa mbele. Ile nne ya mwisho ndiyo iliyoizika jozi yake. Mwalimu alimwambia kwamba kosa hilo huwapata watu wengi, kwamba mgawaji mzuri hutoa ushindi kwa kuzisoma karata zenyewe bila kujali tangazo la mtu, na kwamba kuanzia siku hiyo, jozi zikitokea mezani, aulize kwanza kama jozi yake ndogo bado ina kazi. Mama aliyaandika. Baadaye usiku uleule aliacha mkono wenye jozi ya tano katika hali inayofanana na ile, na aliuacha bila kulazimishwa na mtu.

Kanuni hiyo ya kwamba karata hujisemea zenyewe ina upande wake wa hatari, na mwalimu huufundisha kwa ukali kidogo. Mezani palikuwa na sita, saba, nane, malkia na mbili. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alikuwa na mfalme na nane, yaani jozi ya nane. Mpinzani wake, aliyekuwa na tisa na ree, alitangaza kwa uhakika kwamba ana mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, na yule mwanafunzi akazitupa karata zake kifudifudi kwenye rundo la zilizoachwa. Zilipofunuliwa za mpinzani, mfululizo ulikuwa wa karata nne tu: sita, saba, nane na tisa. Hakuwa na kitu zaidi ya ree. Lakini karata zilizokwisha kuchanganyika na rundo hazifufuki, na fungu lote, yaani chipu zote zilizowekwa katikati ya meza, lilikwenda kwa mtu aliyekuwa ameshindwa. Mpinzani aliomba radhi kwa dhati, kwa sababu na yeye alikuwa amehesabu vibaya, na mwalimu alieleza kwamba kutangaza mkono wa uongo kwa makusudi ni utovu wa adabu ambao katika kasino makini unaweza kumletea mtu adhabu. Kisha akamwambia yule mwanafunzi maneno ambayo naona kila mgeni angepaswa kuyasikia kabla ya kuketi popote: usiachie karata zako mpaka uzione za mwenzako zimefunuliwa, na ukishashinda usiziachie mpaka fungu lisukumwe kwako.

Lipo pia jambo la simu. Kijana mmoja, wakala wa forodha kutoka Tunduma, alibakiwa na chipu chache katikati ya mkono aliouamini, akatoa simu mfukoni na kusema wamsubiri aongeze salio. Kwa kuwa siku hizi tunalipia karibu kila kitu kwa simu, wazo hilo halikuwa la ajabu kwake, lakini mezani halikubaliki: mchezaji hutumia kile tu kilichokuwa mbele yake mkono ulipoanza. Chipu zikimwisha huweka zote alizonazo na kugombea sehemu ya fungu inayolingana nazo, wala hakuna anayeweza kumfukuza mkononi kwa kumzidi utajiri. Mwalimu alionyesha jinsi fungu la pembeni linavyotengwa kwa ajili ya wale waliobaki na chipu zaidi, akalirudia zoezi hilo na wanafunzi tofauti mpaka kila mmoja akaweza kulitenga mwenyewe. Naamini hapa ndipo meza hii inapozidi mafunzo ya video, kwa kuwa hesabu ya fungu la pembeni huonekana rahisi kwenye kioo cha simu na huvurugika mara moja watu watatu wanapoisubiri kutoka kwako.

Makosa ya mdomo nayo hupewa nafasi yake. Mtu aliyekwisha kuacha karata hutakiwa kunyamaza, kwa maana akisema kwamba alikuwa na ree amewapa waliobaki habari wasiyostahili kuwa nayo. Anayejua kwamba ameshinda hutakiwa kuzifunua karata bila kuchelewa, kwa sababu kumwacha mwenzake aamini kwa muda kwamba fungu ni lake ni kumdhalilisha. Kuhusu kuzuga, yaani kuweka dau kubwa bila karata ili mwenzako aogope, mwalimu husimulia fainali ya mashindano makuu ya dunia ya poka ya mwaka 2003 kule Las Vegas, ambapo Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliweka chipu zake zote akiwa hana hata jozi, na mkongwe Sam Farha akaiacha jozi yake ya tisa. Moneymaker alitwaa taji na dola milioni 2.5. Nilipenda kwamba hadithi hiyo haisimuliwi ili kuwapa watu tamaa. Mwalimu huitumia kueleza kwamba kuzuga kunahitaji mpinzani anayejua kuacha, na kwamba mgeni anayejaribu kumzuga mgeni mwenzake, asiyeacha jozi yoyote ile, hujiaibisha bure.

Hesabu hufanywa ubaoni kwa chaki. Ukiwa na kopa mbili mkononi na mbili nyingine zikafunguka kati ya tatu za kwanza, zimebaki karata 47 usizoziona, na 9 kati yake ni kopa. Unachosubiri ni kopa ya tano, ili karata zako zote tano ziwe za aina moja. Uwezekano wa kuipata kwa karata inayofuata ni asilimia 19, na kwa karata zote mbili zilizobaki ni asilimia 35. Sasa chukua hali ambayo karata ya nne imepita bila kopa, fungu lina 6,000, na mwenzako ameweka 3,000. Unaombwa kulipa 3,000 ili kugombea jumla ya 12,000, kwa hiyo unahitaji angalau asilimia 25, nawe una karibu 20 tu. Wanafunzi wengi hufuata dau hilo, hukosa, kisha hulalamika kwamba karata zimewakataa. Mwalimu huwaonyesha kwamba lalamiko hilo halina msingi, na huongeza kwamba jozi ya ree mkononi hutokea kwa wastani mara 1 katika migao 221, hivyo asiyeweza kuketi kwa utulivu huku akiacha karata mbovu, mkono baada ya mkono, bado hajawa tayari kwa meza ya fedha.

Namna wanafunzi wanavyotendewa wakikosea inastahili kuelezwa zaidi, maana nimeshuhudia kinyume chake. Katika ukumbi mmoja wa michezo, ambao sina haja ya kuutaja, nilimwona mgawaji akizungusha macho kwa sababu mgeni alikuwa ameongea nje ya zamu yake, na wachezaji wazoefu wakaitikia kwa kicheko. Yule mgeni hakuuliza swali lingine usiku ule, ingawa alikosea tena na tena. Katika meza ya Forest Mpya utaratibu ni kwamba aliyekosea ndiye anayepewa nafasi ya kwanza kueleza kilichotokea, wengine hawaruhusiwi kumkatiza, na mkono hurudiwa kwa karata zilezile ili aufanye sawasawa mbele ya watu walewale waliomwona akikosea. Jambo hilo la mwisho naliona kuwa la busara kubwa. Mtu huondoka mezani akiwa ameonekana akipatia, na wenzake huondoka wakiwa wamejifunza kosa lake bila kulilipia.

Zipo kasoro ambazo ni haki zisemwe. Ukumbi ni baridi mno, na katika Juni na Julai, upepo unaposhuka kutoka mlima Loleza, vidole hufa ganzi kiasi cha kushindwa kupanga chipu. Jiko moja la mkaa lililowekwa mlangoni halitoshi, na kwa usalama wa hewa lisingepaswa kuwapo kabisa ndani ya chumba kinachofungwa madirisha. Karata nazo zimechoka. Ree ya uru ilikuwa na kunjo kwenye kona, na mwanafunzi mwenye jicho kali angeweza kuitambua ikiwa imelala kifudifudi, jambo linaloharibu mafunzo yenyewe. Wachezaji tisa kwa meza moja ni wengi wakati wote ni wageni, kwa sababu kila kosa husimamisha mchezo na wanaosubiri huanza kuchoka. Muda wa kuanza haufuatwi. Wanafunzi huambiwa saa kumi na moja jioni, na karata hugawiwa karibu na saa kumi na mbili, hali inayowaumiza wanaotoka Uyole na wanaohitaji daladala za kurudi.

Kasoro kubwa kuliko hizo ni mbili. Kwanza, kanuni zinazogawiwa kwa wanafunzi zimechapishwa kwa Kiingereza, ilhali mafunzo yote hutolewa kwa Kiswahili safi ambacho mwalimu amekifanyia kazi kwa miaka mingi. Kurasa mbili za kanuni hizo kwa Kiswahili zingemsaidia mfanyabiashara wa Mbarali kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Pili, mafunzo hayasemi vya kutosha kuhusu fedha yenyewe. Meza za kasino hukata sehemu ya fungu kama ujira wa nyumba, na kato hilo humla mchezaji polepole hata kama anacheza vizuri kama wenzake. Wanafunzi walilisikia kwa kupita tu. Vivyo hivyo kuhusu kuweka kikomo cha fedha kabla ya kutoka nyumbani na kuondoka kinapofikiwa: mwalimu analiamini, nimemsikia akilisema mlangoni wakati wa kuagana, lakini jambo zito namna hiyo linapaswa kufundishwa mezani, kwa chipu na kwa mifano, kama yalivyofundishwa mengine.

Kwa anayekusudia kuketi katika kasino yenye leseni, iwe Dar es Salaam au kwingineko, na hata kwa anayependa karata kama mchezo wa akili bila nia ya kuweka fedha, ada ya shilingi 15,000 ni halali yake. Asiyefaa kwenda ni yule anayetafuta njia ya kulipa madeni. Mwalimu amewahi kumrudishia ada mtu wa namna hiyo na kumtaka aende nyumbani. Atakayekwenda avae koti, afike na daftari, aketi upande wa kulia wa ubao ambako mwanga ni mzuri, na kosa lake likitokea aombe mkono urudiwe.